Pikapu inakula mafuta kuliko karatasi ilivyosema: tuelewane kabla ya kufungua injini

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Swali hili halikauki. Mtu kanunua pikapu, karatasi ya kiwandani inasema lita 8 kwa kilomita 100, yeye akipiga hesabu anapata 11. Anauliza kama injini ina ugonjwa. Majibu yanamiminika: badili nozeli (zinazonyunyizia mafuta kwenye injini), osha tenki, mimina dawa kwenye mafuta. Anahangaika na mafundi, vifaa vizima vinatolewa na kuwekwa vingine, na ulaji unabaki pale pale. Inaniuma kuona watu wanapoteza fedha kwa jambo ambalo lingeeleweka kwa kalamu na karatasi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa pikapu isiyo na hitilafu, sehemu kubwa ya tofauti hiyo haitoki kwenye injini. Inatoka kwenye upepo, kwenye uzito na vitu tulivyofunga wenyewe, na kwenye namna tunavyopima. Injini iwe ya mwisho kushukiwa.

Kwanza tujue namba ile inapatikanaje. Gari la majaribio halipimwi likiwa barabarani. Linapandishwa kwenye mtambo wa maabara wenye rola, magurudumu yanazungukia hapo, na dereva anafuata mstari kwenye skrini unaomwonyesha kila sekunde awe kwenye kasi gani. Kabla ya hapo gari linapelekwa kwenye njia tambarare, linakimbizwa, kisha linaachiwa kwenye nyutro lijiendee lenyewe mpaka karibu lisimame. Namna linavyopoteza kasi inaonyesha upepo na tairi vinalizuia kiasi gani, na kiasi hicho ndicho kinachoingizwa kwenye mtambo ili rola nazo zilizuie vivyo hivyo. Mafuta yenyewe hayapimwi kwa kuangalia tenki. Moshi unakusanywa, kaboni iliyomo inahesabiwa, na kutokana na kaboni hiyo wanakokotoa mafuta yaliyoungua.

Hatua ya kuliachia gari kwenye nyutro ndiyo nyeti kuliko zote. Mwaka 2012 Hyundai na Kia zilishusha namba za magari yapatayo 900,000 nchini Marekani baada ya EPA, wakala wa mazingira wa huko, kugundua kuwa vipimo vya hatua hiyo havikuwa sawa. Mwaka 2016 Mitsubishi ilikiri Japani kwamba takwimu za aina hiyo zilichezewa kwenye magari madogo yapatayo 625,000. Lakini msikimbilie kusema kila kiwanda kinadanganya. Gari linaweza kupimwa kwa uaminifu kabisa na bado namba isifanane na yako, kwa sababu mzunguko wa majaribio wenyewe, yaani ule mstari wa kasi anaoufuata dereva, ni mpole.

Upole kiasi gani? Chukua mzunguko wa zamani wa Ulaya, NEDC. Unachukua sekunde 1,180, unakwenda kilomita 11 tu, wastani wa kasi ni kama kilomita 33 kwa saa. Kasi ya 120 inaguswa kwa sekunde 10, basi. Kuna mahali gari linatakiwa litoke sifuri hadi 50 kwa sekunde 26. Jaribu kuondoka hivyo kwenye taa za barabarani uone honi zitakazopigwa nyuma yako. AC imezimwa, chumba kina joto la wastani, hakuna mlima, hakuna upepo wa mbele.

Baraza la kimataifa la usafiri safi, ICCT, lilikusanya takwimu za magari ya Ulaya kwa miaka mingi na kuonyesha kuwa pengo kati ya maabara na barabara lilikuwa karibu asilimia 9 mwaka 2001, na kufikia 2015 lilikuwa asilimia 42. Magari hayakuharibika ghafla katika miaka hiyo. Viwanda vilizidi kuujua mtihani.

Ndiyo maana kuanzia Septemba 2017 Ulaya ilianza kuhamia mzunguko mpya, WLTP: dakika 30, kilomita 23 na kidogo, kasi ya juu 131. Pikapu nyingi, kwa kuwa zinahesabiwa kama magari ya kazi, ziliingia mwaka mmoja baadaye. WLTP ni mgumu zaidi, lakini haukufuta pengo. Tume ya Ulaya ilichapisha mwaka 2024 takwimu zilizosomwa kwenye kompyuta za magari yenyewe, yaliyosajiliwa 2021, na magari madogo ya petroli yalizidi namba rasmi kwa asilimia 23.7, ya dizeli kwa 18.1.

Kwa hiyo kabla hujauliza kwa nini pikapu yako imezidi, jiulize kwanza: imezidi namba ya mzunguko gani? Pikapu ile ile, injini ile ile, inaweza kuwa na namba tatu tofauti mtandaoni kulingana na ilikopimiwa. Australia iliendelea kutumia mzunguko wa NEDC kupitia kanuni yake ya ADR 81/02 miaka mingi baada ya Ulaya kuachana nao, na namba nyingi za pikapu tunazozikuta mtandaoni zinatoka huko.

Marekani wana njia yao. Mzunguko wao wa barabara kuu una wastani wa kilomita 78 kwa saa na hauzidi 97. Tangu magari ya toleo la 2008, EPA huongeza vipimo vingine vitatu: mmoja wa kasi unaofika 129, mmoja wa joto na AC ikiwa imewashwa, na mmoja wa baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Matokeo yake namba za EPA kwa kawaida ziko karibu zaidi na maisha ya kawaida. Nikitaka kujua pikapu itakula kiasi gani na toleo hilo linauzwa Marekani, naanzia namba ya EPA.

Sasa kwa nini pikapu inaumia kuliko gari dogo la saluni? Upepo. Pikapu ya milango minne ina uso wa mbele wa karibu mita 3 za mraba na kipimo cha ukinzani wa hewa cha karibu 0.4. Saluni ya kisasa iko kwenye mita 2.2 na 0.28 hivi. Zidisha uone: pikapu inasukuma upepo karibu mara mbili. Na upepo haupandi sawasawa na kasi, unapanda kwa mraba wake. Ukitoka 90 kwenda 120 umeongeza kasi kwa theluthi, lakini nguvu ya upepo imepanda kwa asilimia 78. Kwa pikapu ya vipimo hivyo ni kutoka karibu nyutoni (kipimo cha nguvu) 450 hadi 800. Ukinzani wa tairi kwa gari la tani mbili, ukilinganisha, ni kama nyutoni 200 na haubadiliki sana na kasi.

Namba hizo mbili, 450 na 800, ndizo ninazotamani kila mwenye pikapu azikariri. Mizunguko ya maabara inakaa muda mwingi kwenye kasi ambako upepo bado haujaanza kuuma. Sisi tunasafiri kwenye kasi ambako upepo ndio unaokula tenki.

Karibuni.

#2 – Mchangiaji

Asante mkuu, nimejifunza. Mimi huwa siangalii lita kwa kilomita 100, naangalia kilomita kwa lita. Yangu inanipa 8. Dashibodi inasema 9. Niamini ipi?

#3 – Mleta uzi

Mkuu, kilomita 8 kwa lita ni lita 12.5 kwa kilomita 100, na 9 ni lita 11.1. Vipimo vyote viwili ni sahihi, ila kuna jambo la kuangalia. Ukitoka 6 kwenda 7 kwa lita umeokoa lita 2.4 kila kilomita 100. Ukitoka 12 kwenda 13 umeongeza kilomita moja ile ile, lakini umeokoa lita 0.6 tu. Kwa gari linalokula sana, kila kilomita moja ya nyongeza ina thamani kubwa, na lita kwa kilomita 100 zinakuonyesha hilo bila kukuficha.

Na wanaosoma maili kwa galoni wawe makini zaidi. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546. Maili 30 kwa galoni ya Marekani ni lita 7.8 kwa kilomita 100, maili 30 kwa galoni ya Uingereza ni lita 9.4. Nimeona ugomvi mkubwa mitandaoni ambao chanzo chake ni galoni tu.

Kuhusu dashibodi: haipimi mafuta yanayopita. Inakadiria kwa kuhesabu nozeli zimefunguka muda gani, kisha inagawanya kwa umbali unaotokana na mizunguko ya magurudumu. Mara nyingi inakuwa na matumaini kuliko hali halisi. Ni nzuri kwa kulinganisha safari ya leo na ya jana. Kwa kujua ulaji halisi, pima kwa tenki.

Pima hivi. Jaza mpaka bomba la pampu likate lenyewe mara ya kwanza. Kama ni dizeli subiri kidogo, maana dizeli inatoa povu na povu linakata pampu mapema. Sogeza uso karibu na mdomo wa tenki utasikia povu likishuka. Likitulia, ongeza taratibu mpaka ikate tena, halafu acha, usilazimishe. Rudisha kihesabu safari sifuri. Endesha mpaka tenki likaribie robo, kisha rudi pampu ile ile, gari likae mahali pale pale likielekea upande ule ule, ujaze kwa namna ile ile. Lita ulizojaza gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100.

Usipime kwa kujaza lita 20. Ukikosea ujazo kwa lita 2 kwenye lita 20, kosa ni asilimia 10. Kwenye lita 60 ni asilimia 3. Na usiamini tenki moja, rudia mpaka namba ianze kujirudia.

#4 – Mchangiaji

Kaka, naomba unisaidie mimi. Pikapu yangu ni ya dizeli. Ilikuja na tairi 265/65R17, nimeweka 285/70R17 za mistari mikubwa kwa sababu ya njia mbovu. Juu nina keria, na mara nyingi inakuwa na ngazi na mabomba. Nimepima kwa tenki kama ulivyoeleza, napata 12.4. Kabla ya hapo nilikuwa naona 9 na kitu. Fundi kaniambia pampu ya dizeli imechoka.

#5 – Mleta uzi

Dada, usiguse pampu kwanza. Tupige hesabu ya tairi.

265/65R17: rimu ya inchi 17 ni milimita 431.8. Ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya 265, yaani 172, na kuna kuta mbili, juu na chini. Jumla ya kipenyo ni milimita 776. Ile mpya, 285/70R17, inatoka milimita 831. Tofauti ni asilimia 7.

Maana yake, kila gurudumu linapozunguka mara moja gari lako linakwenda mbali zaidi ya linavyodhani. Ukisafiri kilomita 500 za kweli, odometa, yaani kihesabu kilomita cha gari, inakuandikia 467. Kwa hiyo 12.4 uliyopata imegawanywa kwa umbali pungufu. Zidisha kwa 0.934 unapata 11.6. Karibu lita nzima imeondoka hapo, na hakuna spana iliyoguswa. Hakikisha kwa kuwasha GPS ya simu kwenye kipande kirefu kilichonyooka na kulinganisha na odometa. Angalia na spidi pia, kwa sababu unapoona 100 unaweza kuwa uko juu ya 100.

Sasa hiyo 11.6 ni ya kweli, na bado ni kubwa kuliko 9. Mistari mikubwa ya tairi inajikunja na kujikunjua kila inapogusa lami, na kazi hiyo inageuka joto. Tairi zenyewe ni nzito, na uzito ulio kwenye gurudumu unauma zaidi kila unapoondoka na kusimama. Gari nalo limenyanyuka kidogo, upepo unaingia chini kwa wingi.

Na keria. Mkubwa wa matatizo yako, kwa maoni yangu, ni keria. Vipimo vya Marekani vinaonyesha sanduku kubwa la juu ya gari linapunguza umbali kwa lita kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu, na 10 hadi 25 kwenye mwendo wa kilomita 105 hadi 120. Ngazi na mabomba havifanani na sanduku, lakini upepo unakatikakatika kwenye kila kimoja. Siku huna kazi ya ngazi, ishushe. Kama keria inafunguka kwa boliti nne, ifungue.

#6 – Mchangiaji

Wakuu, naingia kama fundi. Nakubaliana na mleta uzi kuhusu upepo na tairi, lakini asiwafanye watu waamini kwamba injini na mwili wa gari havina hitilafu kamwe. Kuna mambo matatu ninayokutana nayo.

Breki inayoshika. Endesha kipande kirefu bila kukanyaga breki sana, simama taratibu, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiiguse. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine, piga jeki na uizungushe kwa mkono. Ikigoma, umeshampata mwizi.

Thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, iliyokwama ikiwa wazi. Mshale wa joto haupandi unakotakiwa, injini inaendelea kudhani ni asubuhi, inamwaga mafuta zaidi. Kifaa kidogo, watu wanakipita na kukimbilia nozeli.

Kichujio cha masizi kwenye dizeli za kisasa. Gari likiwa la safari fupi fupi kichujio kinajaa, injini inaanza kuyachoma masizi hayo mara kwa mara ili kukisafisha, na kila ikifanya hivyo inanyunyiza mafuta ya ziada. Utaona mzunguko wa injini gari likiwa limesimama umepanda kidogo, feni inanguruma hata baada ya kuzima gari, na kuna harufu ya joto. Usizime katikati. Lipe barabara limalize.

Chujio la hewa watu wanalisingizia. Kwenye petroli za zamani za kabureta ni kweli lilikuwa linakula mafuta. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ililipima jambo hilo mwaka 2009 kwenye magari ya petroli ya sindano (yanayotumia nozeli badala ya kabureta), na ulaji haukubadilika kwa maana, kilichopungua ni nguvu ya kuongeza mwendo. Badilisha chujio kwa ajili ya uhai wa injini, usitegemee lita.

#7 – Mleta uzi

Fundi, asante sana. Hayo matatu yanapimika bila kununua chochote, ndiyo maana nayapenda. Naongeza upepo wa tairi: kila pauni moja ya upepo (psi) inayopungua kwenye tairi zote inakula asilimia 0.2 hivi. Ni kidogo, lakini pikapu nyingi zinatembea zikiwa zimepungukiwa pauni nyingi, na hiyo haina hata haja ya spana.

#8 – Mchangiaji

Nina maswali mawili ya haraka. Mlango wa nyuma wa bodi ukiachwa wazi, upepo si unapita vizuri? Na la pili, pikapu za petroli zenye injini ndogo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) zinasifiwa sana kwenye karatasi. Zina ukweli?

#9 – Mleta uzi

La kwanza: acha umefungwa. Ukifungwa, hewa inajaa ndani ya bodi na kuzunguka humo kama mto, na ule upepo wa juu ya kabini unateleza juu yake. Ukiufungua, mzunguko ule unavunjika na upepo wa juu unadumbukia ndani. Turubai lililokazwa vizuri linaweza kusaidia kidogo. Lililolegea na kupigapiga linazidi kuharibu.

La pili lina uzito zaidi. Injini ndogo ya tabo inang'ara maabara kwa sababu kule mzigo ni mwepesi, tabo inalala, na injini inafanya kazi kama injini ndogo kweli. EPA inapima gari likiwa na uzito wake pamoja na kilo 136 tu. WLTP inaongeza sehemu ya uwezo wa kubeba, asilimia 28 kwa magari ya kazi na 15 kwa magari ya abiria. Hakuna anayepima tani moja nyuma na tela juu yake. Ukiipakia, tabo inaamka, joto linapanda, na injini nyingi za aina hiyo humwaga petroli ya ziada ili kujipoza. Hapo faida ya karatasi inayeyuka. Kama pikapu yako itatembea tupu mara nyingi, injini hiyo ni chaguo zuri. Kama kazi yako ni kuvuta, dizeli inabaki na heshima yake. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu megajuli 36, petroli karibu 32, na juu ya hapo injini ya dizeli inaitumia vizuri zaidi nishati hiyo.

Tela nalo watu hulipima kwa uzito peke yake. Tela refu lililofungwa pande zote, hata likiwa tupu, lina uso wake wa kusukuma upepo. Kwenye kasi kubwa ya barabara tambarare linaweza kula mafuta kuliko tela fupi la wazi lililobeba mawe. Mlimani mambo yanageuka.

#10 – Mchangiaji

Sasa mkuu, kama namba yenyewe haifanani na maisha yetu, inatusaidia nini? Si bora waiondoe?

#11 – Mleta uzi

Hapana mkuu, hapo nakataa kwa nguvu zote. Namba ya maabara ni kwa ajili ya kulinganisha gari na gari. Pikapu mbili zilizopimwa kwa mzunguko mmoja, moja 8 na nyingine 10, ile ya 8 karibu kila mara itakula kidogo na barabarani pia, chini ya mguu ule ule. Bila kipimo kimoja tungebaki na maneno ya muuzaji.

Na ukitaka kuona hali bila namba inakuwaje, angalia pikapu kubwa za Marekani. Pikapu ambayo uzito wake wa juu unaoruhusiwa unazidi kilo 3,856, yaani pauni 8,500, hailazimiki kuwa na namba ya ulaji wa mafuta kwenye kibandiko chake cha mauzo. Zile pikapu nzito zenye dizeli kubwa zinauzwa bila namba hiyo. Mnunuzi anabaki kuuliza wenzake, na kila mwenzake ana tairi zake, tela lake na mguu wake.

Ninachowaomba tukiletana namba hapa: tuandike mzunguko ambao namba rasmi imetoka, saizi ya tairi iliyofungwa sasa na iliyokuja na gari, kasi unayopenda kusafiria, mzigo wa kawaida, na kama umepima kwa tenki au umesoma dashibodi. Anayeandika "yangu inakula 11" bila hayo, hatuwezi kumsaidia.

#12 – Mchangiaji (yule wa keria)

Kaka, nimerudi. GPS imekubaliana na hesabu yako, odometa inapunja vile vile. Keria nimeifungua, na nimejilazimisha kutovuka 100 ya GPS. Mizigo na njia ni zile zile. Tenki baada ya tenki, nikisharekebisha umbali, napata kati ya 10.1 na 10.4. Tairi sibadilishi, nazihitaji. Pampu haijaguswa.

#13 – Mleta uzi

Hongera dada. Kwa tairi hizo na njia hizo, hiyo ni namba ya gari lisilo na hitilafu. Angalia upepo wa tairi zikiwa baridi, na joto la kila rimu kama fundi alivyoelekeza. Zikiwa sawa, endesha gari lako.